Mizani Chini ya Mti: Namna Vijiji vya Njombe na Ludewa Vilivyojifunza Kuwaona Watoto Wao

Katika kitabu cha kumbukumbu kama hiki, desturi ni kuchapa majina ya wafadhili na kiasi alichotoa kila mmoja. Hatuna ugomvi na desturi hiyo. Paa linalotufunika wakati wa sala lilitokana nayo. Lakini mwaka huu tumeomba kurasa chache kwa ajili ya historia nyingine, ambayo majina ya watendaji wake hayakuchongwa kwenye jiwe lolote. Ni historia ya watu waliofunga mizani kwenye tawi la mti, wakamning'iniza mtoto, wakasoma namba, kisha wakaulizana kwa sauti namba ile ilikuwa na maana gani. Tunawaandikia wanachama wetu pamoja na majirani zetu, maana wengi wa majirani hao ndio waliokuwa watoto katika mizani ile, au mama zao.

Tuanze na nchi yenyewe. Makambako ni mahali ambapo reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, inakutana na barabara kuu iendayo Mbeya na ile iendayo Songea. Ukishika barabara ya kusini unafika Njombe, kwenye baridi, viazi, njegere, chai na misitu ya miwati. Ukiendelea unapita Ludewa, kisha ardhi inaanguka. Kwa zaidi ya mita 1,000 unateremka hadi Manda, kwenye Ziwa Nyasa, karibu na mahali Mto Ruhuhu unapomwaga maji yake ziwani. Wajerumani walipaita Wiedhafen. Huko juu mtu huvaa koti mwezi Julai. Huko chini anakula muhogo na samaki, na jasho linamtoka akiwa amekaa. Kati ya pande hizi mbili bidhaa zimepita tangu zamani kwa mgongo, kwa kichwa na kwa mtumbwi. Wanawake wa Kikisi wamefinyanga vyungu vya sifa kando ya ziwa na kuvibadilisha kwa nafaka. Wapangwa na Wabena wameshusha mahindi na maharage. Wamanda wamepandisha samaki. Wakinga, ambao sisi wenye maduka tunawaheshimu kwa ustadi wao wa biashara (na wakati mwingine tunawaogopa), wamefanya Makambako na Njombe kuwa miji ya soko.

Nchi ya namna hiyo, mgeni akiitazama kutoka dirishani mwa basi, hawezi kuamini kwamba mtoto anaweza kukosa chakula ndani yake. Wenyeji nao hawakuamini. Hapo ndipo historia hii inapoanza.

Watu wa nyanda hizi hawakufundishwa kusaidiana na mtu yeyote. Ujima ulikuwapo kabla ya serikali yoyote tunayoijua. Mwenye shamba kubwa alipika pombe na kuwaalika majirani, wakalima kwa siku moja eneo ambalo yeye na mkewe wangelimaliza kwa mwezi. Nyumba ikiungua, miti na nyasi za kuezeka zilifika kabla moshi haujaisha. Penye msiba, kila nyumba ilileta unga, kuni na maji, na hakuna aliyeuliza kama marehemu alikuwa mtu mwema. Mambo haya yapo hadi leo, na kila mmoja wetu ameyaonja. Mhindi mwenye duka akifiwa mjini Njombe, majirani wanaokaa naye usiku kucha si wa dini yake peke yake.

Lakini tukitazama kwa makini, msaada wa aina hiyo una tabia moja: huja pale penye sauti. Kilio husikika, moto huonekana, shamba lisilolimwa hutazamwa na kila apitaye. Hata njaa kubwa ina sauti. Mwezi Septemba 1905, Vita vya Majimaji vilipofika Ubena, misheni ya Yakobi karibu na Njombe ilishambuliwa. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vijiji, ghala na mashamba kusini yote, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko risasi. Njaa ile ilijulikana na kila mtu, na aliyekuwa na kitu alijua kwamba jirani yake hana. Mtoto wa miezi 18 anayelala bila kulia, asiyecheza, ambaye nywele zake zimekuwa nyepesi na nyekundu, hana sauti ya namna hiyo. Mama yake yuko shambani. Bibi yake anasema ni mpole. Akifa kwa surua au kuhara, itasemwa ni surua au ni kuhara. Majirani watafika na unga na kuni, kama ilivyo desturi. Watakuwa wamechelewa.

Ilichukua muda mrefu kabla jambo hili halijatafutiwa dawa. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliundwa kwa sheria mwaka 1973, na wataalamu wake walianza kusema kwamba utapiamlo nchini haukuwa jambo la ukame tu, wala la umaskini peke yake. Katika miaka hiyohiyo serikali iliwahamishia watu wa mashambani katika vijiji vya pamoja. Hatutaficha kwamba operesheni ile, hasa kati ya mwaka 1974 na 1976, iliwaumiza wengi: watu walipakiwa kwenye malori, nyumba zikaachwa na mazao shambani. Lakini iliacha pia kitu ambacho kilikuja kutumika kwa kazi njema kuliko ile iliyokusudiwa, yaani halmashauri ya kijiji yenye mwenyekiti, kamati na daftari la kaya. Palikuwa sasa na mahali ambapo jambo la mtoto wa mtu mmoja lingeweza kuwekwa mbele ya wote.

Mwaka 1983 haukuwa mwaka mzuri kwa Tanzania. Vita na Idi Amin vilikuwa vimekula hazina, mafuta yalikuwa ghali, rafu za maduka zilikuwa tupu, na sukari, sabuni na kitenge vilipatikana kwa foleni. Ndio mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Wenye maduka, na miongoni mwao watu wa jamii yetu, walitazamwa kwa jicho la shaka. Wengine walionewa, na wengine walistahili. Neno mizani halikuwa neno zuri wakati huo. Mkulima aliyepeleka pareto, kahawa au mahindi kuuza aliitazama mizani kama chombo cha kumpunja. Tunalitaja hili kwa sababu katika mwaka huohuo wa shaka, mizani ya aina nyingine ilianza kuandaliwa kwa ajili ya vijiji vya mkoa uleule.

Mkoa wa Iringa wa wakati ule ulikuwa mkubwa. Njombe, Makete na Ludewa, na kwa hiyo Manda pia, vilikuwa ndani yake. Mkoa wa Njombe haukuzaliwa hadi mwaka 2012. Serikali ya Tanzania, Shirika la Afya Duniani na UNICEF, kwa fedha zilizotolewa na Italia, walikubaliana kuendesha mpango wa pamoja wa lishe katika mkoa huo. Ulianza katika vijiji 168, na baadaye ukapanuliwa kwenye vijiji vingine. Sababu moja ya kuuchagua mkoa huu ilikuwa ile iliyowashangaza wenyeji: palikuwa na chakula kingi na watoto wenye afya duni kwa pamoja. Filamu ilitengenezwa mkoani humo kuhusu njaa iliyojificha, na ikaonyeshwa kijiji hadi kijiji. Kwa wengi ilikuwa filamu ya kwanza kuiona, na waliokuwamo ndani yake walikuwa watu wa kwao wenyewe.

Kisha ikaja siku ya kupima. Kila baada ya miezi mitatu, watoto wote wa kijiji wenye umri chini ya miaka mitano walikusanywa mahali pamoja. Mizani ya kuning'iniza, yenye uso wa duara kama saa, ilifungwa kwenye tawi au boriti. Mtoto alivishwa suruali ya kitambaa yenye kamba, akaachiwa hewani. Kila aliyewahi kuishuhudia siku hiyo anaujua mlio wake, maana hakuna mtoto anayeupenda mchezo huo. Mhudumu wa afya wa kijiji alisoma namba kwa sauti, mwingine akaandika, na nukta ikatiwa kwenye kadi ya kliniki. Kadi ilikuwa na rangi tatu. Kijani ni mtoto aliyefikia asilimia 80 au zaidi ya uzito wa kawaida kwa umri wake, kijivu ni aliye chini ya hapo, na nyekundu ni aliye chini ya asilimia 60. Mama asiyejua kusoma aliijua rangi. Baba asiyejua kusoma aliijua pia, na hilo lilikuwa jambo jipya.

Mhudumu yule hakuletwa kutoka wilayani. Alichaguliwa na kijiji, akapelekwa mafunzo, akarudi kuishi kwenye nyumba yake ileile, akilima shamba lake lilelile. Vijiji vingi vilikuwa na wawili, mwanamke na mwanamume, na kijiji chenyewe ndicho kilichotakiwa kuwafidia kwa muda wao. Wapo waliolipwa kwa wakati, wapo waliolipwa kwa ahadi. Pale ahadi zilipozidi, mizani ilikaa chumbani na buibui wakajenga. Hatuoni sababu ya kuificha sehemu hiyo, kwa kuwa historia za kujitolea huandikwa mara nyingi kana kwamba mwenye kujitolea hali chakula.

Kupima peke yake hakumnenepeshi mtoto. Upya wa mpango ule ulikuwa katika kilichofuata. Hesabu ya watoto wa kijani, kijivu na nyekundu haikuishia kwenye faili la daktari. Ilipelekwa kwanza kwa kamati ya kijiji na mkutano wake, ndipo ikapanda kwenda kata, tarafa na wilaya. Kijiji kilitakiwa kufanya mambo matatu kwa mfuatano: kutazama hali ilivyo, kutafuta kwa nini iko hivyo, na kuamua kitu ambacho wanaweza kukifanya kwa uwezo walionao. Baada ya miezi mitatu mizani ilirudi na kuwaambia kama walichokiamua kilifaa. Kama hakikufaa, walianza upya. Kwa maneno ya kitaalamu mambo hayo yamepewa majina mazito. Kwa maneno ya barazani yalikuwa ni kuulizana: mtoto wa fulani ameingia nyekundu, je, tatizo ni nini?

Majibu waliyoyapata yanastahili kukumbukwa, kwa sababu mengi hayakuhusu ukosefu wa mahindi. Yalihusu muda. Mwanamke wa nyanda za juu aliondoka alfajiri kwenda shambani, akateka maji, akakata kuni, akarudi jua likizama. Mtoto aliyeachwa na dada yake wa miaka saba alikula asubuhi na usiku. Lakini tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo kama ngumi. Haliwezi kupokea kwa milo miwili chakula cha kumtosha kutwa. Anahitaji kulishwa mara nne au tano. Na kile alicholishwa kilikuwa na kasoro yake: ugali mgumu humshinda kumeza, uji mwepesi ni maji yaliyotiwa rangi.

Dawa moja ya kasoro hiyo ilikuwa jikoni tayari, na hili ni jambo linalotufurahisha kila tunapolisimulia. Wanawake wa huku wanajua tangu zamani kuotesha ulezi na kuusaga kuwa kimea cha kupikia pombe. Wataalamu wa lishe walionyesha kwamba kijiko kidogo cha unga wa kimea kikikorogwa katika uji mzito, uji huo hulegea na kuwa laini bila kuongezwa maji. Mtoto anaweza kuunywa, naye anapata ndani ya kikombe kimoja unga mwingi zaidi ya ule wa uji mwepesi. Ustadi wa kupikia pombe ya ujima, ule uliowakusanya watu wazima shambani, ukageuka kuwa ustadi wa kumlisha asiyeweza kushika jembe. Haukuhitaji kopo la unga wa kigeni wala gari la mradi.

Dawa ya muda ilikuwa ngumu zaidi, maana iligusa mamlaka ya nyumbani. Vijiji vingine vilianzisha vituo vya kulelea watoto mchana, ambapo kaya zilichangia unga, maharage na karanga, na wanawake wakapeana zamu ya kupika. Kumi wakienda shambani, wawili walibaki na watoto wa wote. Katika mikutano jambo la mzigo wa kazi za wanawake lilisemwa mbele ya wanaume, na lilikuwa limesemwa na namba, si na mke wa mtu. Tofauti hiyo ni kubwa. Mke akimwambia mumewe kwamba amechoka, hayo ni maneno ya nyumbani. Kijiji kikiona kwamba watoto wanaingia kwenye kijivu kila msimu wa kulima, hilo ni suala la mwenyekiti. Hatudai kwamba wanaume wa Njombe na Ludewa waligeuka kwa siku moja. Tunasema tu kwamba swali liliwekwa mezani, na likabaki hapo kwa miezi mitatu, na mingine mitatu.

Matokeo yalipimwa kwa mizani ileile. Mwaka 1984, katika vijiji vile 168, zaidi ya nusu ya watoto waliopimwa walikuwa na uzito pungufu, na 6.3 kwa kila mia walikuwa kwenye hali mbaya kabisa, ile ya rangi nyekundu. Kufikia mwaka 1988 wenye uzito pungufu walikuwa wameshuka hadi kama 38 kwa mia, na wale wa nyekundu 1.8. Fedha za Italia zilikuwa na sehemu yake katika hilo, chanjo pia na zahanati pia. Asiyetaja hayo anawadanganya wasomaji wake. Hata hivyo, fedha za wafadhili zimeingia katika mikoa mingi na kuacha magari mabovu. Hapa ziliacha watoto wachache zaidi wenye rangi nyekundu, na tunadhani sababu ni kwamba mtu aliyesoma namba, aliyeijadili na aliyebadili zamu za jikoni walikuwa watu wa kijiji kimoja.

Ulimwengu ulijifunza. Mchoro uliotumika mkoani Iringa kueleza visababishi vya utapiamlo, unaoanza na chakula na maradhi, ukashuka kwenye malezi ya nyumbani, maji na huduma, kisha ukafikia mambo ya uchumi na utawala, ulichukuliwa na UNICEF mwaka 1990 kuwa msingi wa mkakati wake wa lishe duniani kote. Wanafunzi wa lishe hadi leo huufundishwa katika vyuo vya nchi ambazo hazijawahi kusikia jina la Ludewa.

Kisha likaja janga ambalo mizani haikuweza kulionyesha mapema. Njombe, njia panda ya malori na ya vijana wanaokwenda kutafuta kazi, iliumizwa na UKIMWI kuliko karibu mahali pengine popote nchini. Katika utafiti wa mwaka 2011–12 watu wazima 14.8 kwa mia mkoani walikuwa na maambukizi. Katika ule wa mwaka 2022–23 walikuwa 12.7, bado juu kuliko mkoa mwingine wowote. Nyuma ya namba hizo wapo mabibi waliolea wajukuu sita katika chumba kimoja. Wapo pia wahudumu wa majumbani, wengi wao wanawake, waliopita nyumba kwa nyumba kumwosha mgonjwa, kumkumbusha dawa, na kuangalia kama mtoto amekwenda shule. Kamati za watoto wanaoishi katika mazingira magumu ziliundwa vijijini. Ukizitazama, ni mwendo uleule wa mizani: mtu wa hapohapo anapita, anaona, anaandika, analeta mbele ya wenzake. Wengi waliofanya kazi hiyo hawakupata zaidi ya baiskeli, na wengine hata baiskeli hawakupata.

Na leo? Hapa lazima tuseme jambo ambalo si la kupendeza katika kitabu cha sherehe. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto wenye udumavu, yaani wafupi kupita kiasi kwa umri wao kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu, ni kama 30 kwa mia nchini kote. Mkoani Njombe ni 50.4. Kipimo hiki ni cha urefu, wakati kile cha miaka ya 1980 kilikuwa cha uzito, kwa hiyo si haki kuziweka namba hizi bega kwa bega na kusema tumerudi tulikotoka. Lakini mkoa wetu unalisha miji mikubwa kwa viazi na mahindi. Parachichi zetu zinapandishwa kwenye makontena yenye baridi kwenda kuliwa ng'ambo. Katika mkoa huo, mtoto mmoja kati ya wawili hakui inavyompasa. Wanaozunguka vijijini wanasimulia sababu zilezile: mama shambani kutwa, mtoto na dada yake, milo miwili, uji mwepesi. Tofauti ni kwamba siku hizi mazao mengi zaidi yanauzwa, na fedha yake hairudi jikoni kila mara.

Serikali imeirudisha siku ile kwa jina jipya. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji hufanyika kila robo mwaka, na wengi huifahamu kwa kifupi chake, SALIKI. Watoto hupimwa, mama hufundishwa kupika uji wa mchanganyiko, na matokeo hupaswa kujadiliwa. Tuliohudhuria tunaweza kusema kwamba mahali pengine inafanyika vizuri, na mahali pengine watu hufika, hupima, hunywa uji na kutawanyika. Namba inabaki kwa mtendaji. Sehemu ya kuulizana, ambayo ndiyo iliyokuwa kiini, ni rahisi kuiruka kwa sababu haihitaji kifaa na hakuna anayeileta kwa gari.

Sisi wa hekalu hili tuna neno letu, seva, kwa maana ya kutumikia bila kungoja malipo. Tumezoea kulitimiza kwa sufuria kubwa. Siku za sikukuu jiko letu hupika wali, dengu na mboga, na yeyote apitaye anakula. Tunaipenda siku hiyo na hatutaiacha. Lakini wakati tukiandaa makala haya, mama mmoja wa kamati yetu alituuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake. Alituuliza kama katika watoto waliokula kwetu mwaka jana tunamjua hata mmoja kwa jina, na kama tunajua alikula nini siku iliyofuata. Tulinyamaza. Jiko letu huona umati. Halijawahi kumwona mtoto mmoja mara mbili kwa makusudi.

Kwa hiyo tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa mhudumu wa afya wa eneo letu, tukauliza wanahitaji nini. Tulidhani tutaambiwa fedha. Mhudumu alisema anahitaji watu wanne: mmoja wa kuandika wakati yeye anasoma mizani, mmoja wa kukaa na watoto wakubwa ili mama asiharakishe, na wawili wenye subira ya kubaki hadi mwisho, upimaji ukishaisha, wakati majina ya walioingia kwenye nyekundu yanaposomwa kwa faragha na kupangiwa nani atawatembelea. Alisema pia kwamba mvua ikinyesha hawana mahali.

Ukumbi wetu una boriti. Fundi ameikagua na kusema itabeba. Siku ya kwanza ya upimaji itakayofanyika ndani yake itatangazwa na ofisi ya mtaa, na daftari la kujiandikisha kwa zamu liko kwenye meza ya mlangoni, upande wa kushoto, karibu na mahali pa kuvulia viatu. Asiyekuwa muumini wetu anaweza kusaini bila kuingia ndani.